Nywele Zinatimka? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Chupa Nyingine

Vyuo vikifungua, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, saluni yetu hapa Dodoma hupokea mabinti wenye kilio kimoja. Binti katoka Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, kaja kuanza mwaka wa kwanza, na hajamaliza wiki sita nywele zimemgeuka. Anakuja na mkoba una chupa nne tano. "Dada, nyumbani nywele zangu zilikuwa zinatulia. Huku zinatimka tu. Nimeongeza hii, nikaongeza na hii, ndiyo kwanza zinazidi." Nazitoa zile chupa moja moja, nazipanga mbele ya kioo, nazigeuza nyuma nisome. Mara nyingi hakuna hata moja iliyo mbovu. Ni nzuri zote, ila zimechaguliwa kwa hewa ya pwani na maji ya pwani.

Mimi nimekulia Tanga. Nilipohamia huku nilikuwa tayari msusi, na bado mwaka ule wa kwanza nywele zangu zilikatika utosini mpaka nikazinyoa nianze upya. Kila asubuhi nilikuwa najipaka gliserini iliyochanganywa na maji ya waridi, kama shangazi alivyonifundisha, na kadiri zilivyokauka ndivyo nilivyozidi kupaka. Hakuna aliyeniambia kwamba kinachonikausha ni kile kile nilichokuwa nakimwaga kichwani. Sitaki mwingine apite njia hiyo, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Nywele kutimka ni dalili, kama homa. Homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi, inaweza kuwa jino limeoza, na hakuna anayemeza dawa ya malaria ili kutibu jino. Lakini kwenye duka la vipodozi tunafanya hivyo kila siku: "Nipe ya nywele zinazotimka," muuzaji anashusha chupa, tunalipa.

Kwanza tenganisha kutimka na umbile. Nywele za kipilipili zimejikunja tangu kwenye mzizi. Kujikunja huko si ugonjwa, na hakuna chupa itakayozifanya singa bila kuziumiza. Kutimka ni pale ambapo kila unywele umejitenga na mwenzake, umesimama kivyake, hauna mng'ao, na ukiushika una ukakasi. Juu ya unywele kuna magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Yakilala, unywele unateleza na unabaki na maji yake. Yakiinuka, maji yanatoka, na unywele unakwaruzana na wa jirani. Kwenye nywele zetu kila kona ya mkunjo ni mahali ambapo gamba liko tayari kuinuka, na mafuta ya asili ya kichwani hayashuki hadi kwenye ncha kwa sababu njia yenyewe ni ya kupinda pinda. Basi nywele zetu zinahitaji msaada popote zilipo, na Dodoma zinahitaji zaidi.

Mteja akikaa kwenye kiti namuuliza zimeanza lini kutimka, zinatimka saa ngapi, na sehemu gani ya kichwa. Majibu yake yananiambia zaidi ya lebo yoyote.

"Zikikauka tu baada ya kuosha, ni ngumu kama katani"

Hapa mshuku maji. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma imetoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na mitaa mingi ya pembeni watu wana visima vyao wenyewe, vingine vikiwa na chumvi unayoionja kwa ulimi. Maji ya ardhini yanapita kwenye miamba na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Ukitaka kuyaona madini hayo, chungulia ndani ya birika unalochemshia maji ya chai: ule ukoko mweupe uliogandia chini na pembeni, unaobanduka kwa vipande ukiukwangua na kisu. Kinachogandia kwenye birika ndicho kinachogandia kwenye nywele. Tofauti ni kwamba birika unalikwangua, kichwa unakimwagia tena wiki ijayo.

Dalili zake ni hizi: povu halitoki hata ukimimina shampuu nyingi, nywele zikiwa bado mbichi unahisi kama zina utando, kondishona haionekani kufanya kazi, na zikikauka zinakuwa nzito na kavu kwa wakati mmoja. Nywele zilizowekwa dawa au rangi zinashika madini zaidi, kwa sababu magamba yake yameshafunguka.

Ukiosha kwa sabuni ya kipande ndiyo unazidisha. Sabuni ikikutana na kalsiamu inatengeneza ule utando wa kijivu unaobaki pembeni ya beseni, na utando huo unabaki kichwani pia. Tena sabuni ya kipande ina ualkali mwingi: kwa pH, kile kipimo cha asidi na alkali, iko kwenye 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5.5 hivi, na ualkali unainua magamba. Nawaheshimu mama zetu waliotuosha kwa sabuni ya mche, lakini kwa maji haya iacheni kwa ajili ya nguo.

Tiba inaanza na shampuu yenye kitu kinachokamata madini na kuyatoa. Kwenye orodha ya viungo tafuta Disodium EDTA, Tetrasodium EDTA au Sodium Phytate. Angalia lakini: shampuu nyingi zina EDTA kidogo sana mwishoni mwa orodha, imewekwa ili bidhaa isiharibike, na hiyo haitoshi. Unayoitaka ni ile iliyoandikwa wazi kwenye uso wa chupa kwamba ni ya maji magumu, yaani maji yenye madini mengi kama haya. Itumie mara moja kwa mwezi, iache kichwani dakika tatu nne kabla ya kusuuza, kisha weka kondishona nzito kwa sababu inakausha. Usiigeuze kuwa ya kila wiki.

Kama huipati au bei haishikiki, kuna siki. Kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwenye lita moja ya maji, mwagia mwisho kabisa baada ya kondishona, acha dakika moja, suuza kidogo. Siki inayeyusha sehemu ya yale madini na inayalaza magamba. Usiimwage kavu kavu, usitumie kama kichwa kina vidonda, na ndimu iliyokamuliwa moja kwa moja kichwani sishauri kabisa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote halina gharama. Mvua zikianza, kinga maji. Mvua ya kwanza iache ipite, inaosha vumbi la bati. Zinazofuata jaza ndoo na madumu, funika vizuri. Maji ya mvua karibu hayana madini kabisa. Huna haja ya kuogea yote: osha kwa maji ya bomba kama kawaida, halafu suuza mara ya mwisho kwa lita mbili tatu za mvua. Kiangazi kikikolea na madumu yameisha, chemsha maji ya bomba, yaache yalale usiku kucha, asubuhi mimina ya juu taratibu bila kutibua weupe uliotua chini. Kuchemsha hakuondoi madini yote, lakini yanapungua, na mkono wako utaiona tofauti siku hiyo hiyo.

Kama umefanya haya kwa mwezi mzima na ukakasi haujapungua, maji si mkosaji wako, au si peke yake.

"Nikitoka asubuhi zimetulia, saa saba mchana zimetimka zote"

Hii ni hewa. Mji wa Dodoma uko kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi kutoka usawa wa bahari, unapata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni ukame, na katikati yake kuna ule upepo wa vumbi unaofunga macho ukivuka barabara. Hewa hiyo haina maji ya kukupa, kwa hiyo inachukua ya kwako: midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na nywele hazibaki nyuma.

Sasa gliserini. Ni kiungo kinachovuta maji kutoka popote yalipo kwa wingi. Tanga hewa imejaa unyevu, gliserini inauvuta na kuupeleka kwenye unywele, unafurahi. Huku Agosti hewa ni kavu, kwa hiyo inayavuta yaliyo ndani ya unywele na kuyaleta juu, ambapo upepo unayachukua. Asali inafanya kazi ya namna hiyo hiyo, pamoja na Sorbitol na Propylene Glycol utakazoziona kwenye lebo.

Sisemi gliserini ni sumu. Swali ni iko wapi kwenye orodha, na bidhaa yenyewe ni ya kusuuza au ya kuachia. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kidogo. Kwenye shampuu au kondishona ya kusuuza haina neno. Lakini kwenye kondishona ya kuachia au dawa ya kupuliza, ukiiona Glycerin ni ya pili au ya tatu, mara tu baada ya maji, hiyo weka kabatini mpaka masika. Kiangazi tafuta ambayo gliserini iko chini kwenye orodha au haipo, na badala yake juu kuna vilainishi kama Cetyl Alcohol, Cetearyl Alcohol na Behentrimonium Chloride. Wateja wengi wakiona neno Alcohol wanairudisha chupa rafuni. Cetyl na Cetearyl ni za aina ya mafuta, zinalainisha. Inayokausha ni Alcohol Denat, ambayo utaikuta kwenye jeli na dawa za kupuliza zinazokauka haraka.

Jinsi ya kupaka ni nusu ya kazi. Paka kondishona ya kuachia nywele zikiwa bado zinadondosha maji, fungu kwa fungu, halafu mafuta juu yake mara moja. Ukisubiri zikauke nusu ndipo upake, umechelewa: unafungia ukavu ndani. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Anayepaka mafuta kwenye nywele kavu kila asubuhi anafunga mlango wa ghala tupu.

Kwa kufungia, huku tumebarikiwa. Mafuta ya mbegu za ubuyu yanakamuliwa hapa hapa, na alizeti ni zao la Dodoma na Singida. Yale ya kukamuliwa bila kuchujwa sana yanafaa kabisa, matone machache yakipashwa moto kwa viganja. Mafuta ya nazi yana kazi yake nyingine. Molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, yanaingia ndani ya unywele, na yanapunguza protini inayotoka wakati wa kuosha; ya alizeti hayafanyi hivyo. Kwa hiyo nazi paka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, ubuyu au alizeti paka baada ya kuosha.

Mchana funika. Kilemba au mtandio wenye bitana ya satini, hasa kama unapanda bodaboda kwenda Mtumba, kwenye mji wa Serikali, au unashinda juani. Na usijipulizie maji matupu mara kumi kwa siku: unywele unafura, unasinyaa, unafura, unasinyaa, na magamba yanachoka. Mara moja jioni, kidogo, kisha funga kwa mafuta.

Mvua za Desemba zikiingia, utaona kutimka kwa sura tofauti. Badala ya kukauka na kukwaruza, nywele zinafura, zinakuwa kubwa na laini kama pamba. Sasa unyevu ni mwingi na unaingia kupitia magamba yaliyo wazi. Hapo ndipo jeli na bidhaa zenye silikoni, kama Dimethicone, zinapofaa, kwa sababu zinatengeneza utando mwembamba unaozuia maji ya hewa yasiingie ovyo. Kwa hiyo chupa ya Julai na chupa ya Januari zinaweza zisiwe moja, na hilo si ubadhirifu.

"Zinang'aa mafuta kwa nje, lakini kavu"

Dondoshea tone la maji kwenye fungu la nywele. Likikaa juu kama lulu na kuteleza, maji hayaingii. Aghalabu ni mafuta ya mgando yaliyopakwa juu ya mafuta ya mgando, yamekamata vumbi, na silikoni ya miezi mitatu imo humo humo. Kondishona unayoinunua inaishia juu ya tabaka hilo.

Osha mara mbili mfululizo kwa shampuu yenye nguvu, yenye Sodium Laureth Sulfate. Najua mmeambiwa salfeti ni adui. Kwa kila wiki ni kali, nakubali, lakini mara moja kwa wiki tatu au nne ni yenyewe inayotoa mgando. Shampuu laini haiuwezi. Baada ya hapo rudia lile tone. Likiingia, umepata chanzo, na unachohitaji ni kupunguza mgando. Likiendelea kuteleza kwenye nywele safi, basi magamba yako kwa asili yamefunga sana. Nywele za hivyo zinataka joto ili zifunguke: kondishona, kofia ya plastiki, taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 20. Na bidhaa nyepesi. Siagi ya shea nzito itazilemea.

"Nimefanya stimingi nyingi, na bado zinatimka na kukatika"

Hapa watu wanaumia kwa nia njema. Alikuja mama mmoja mwalimu, nywele zake asilia, ndefu kiasi, zinatimka mbele na katikati. Kila Jumamosi alikuwa anafanya stimingi ya protini nyumbani, na katikati ya wiki anapaka yai na mayonezi. Nikachomoa unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, nikauchovya kwenye glasi ya maji, nikamkabidhi.

"Mama, shika ncha hii, na hii. Vuta taratibu."

Akavuta. Haukunyooka hata kidogo. Ukatoa mlio mdogo, *tk*, ukabaki vipande viwili vidoleni mwake.

"Ndivyo unavyokatika na kichwani," nikamwambia. "Una protini ya kutosha. Unachokosa ni ulaini."

Unywele mzima ukilowa unavutika kidogo, ukiuachia unarudi. Ukikatika bila kuvutika, kama tambi kavu, umezidishiwa protini au umekauka mno: acha kila chenye Hydrolyzed Keratin, Hydrolyzed Wheat Protein na ndugu zake kwa wiki sita, tumia kondishona za kulainisha tu. Ukivutika kama bigjii na usirudi, ndani umedhoofika, kwa kawaida kwa dawa au rangi ya kupausha, na hapo ndipo stimingi ya protini inapohitajika, mara moja kwa wiki nne hadi sita, si kila Jumamosi. Pima nyuzi tatu nne kutoka sehemu tofauti za kichwa. Utosini na kisogoni hazifanani.

Yai mbichi kichwani, kwa njia, haliingii ndani ya unywele. Protini yake ni kubwa mno. Inakauka juu, inakakamaa, na harufu unaijua. Lile yai kula.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili. Hazikuwa zimepona zote, ila mbele zilikuwa zinakunjana vizuri, na zilipovutwa zilirudi.

"Chini zimelala, juu zinasimama"

Kama uliweka dawa, hizo za juu hazijatimka. Ni zako, zimeota. Kosa kubwa hapa ni kurudia dawa kwenye urefu wote ili "zifanane". Dawa za kulainisha zina pH ya 12 na kuendelea; zikipita mara ya pili kwenye unywele ulioshalainishwa, zinaula. Anayeendelea na dawa aguse zile mpya zilizoota tu, baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Anayeachana nayo ajue kwamba ule mpaka kati ya nywele mbili ndipo zinapokatikia, ashike hapo kwa upole, na asuke mitindo isiyovuta.

Kama zilikuwa zinajikunja na sasa baada ya pasi ya moto hazirudi, hata zikilowa, joto limeharibu umbile la ndani. Kwa hilo hakuna bidhaa. Ni kupunguza ncha kidogo kidogo huku mpya zikiota. Na tafadhali, pasi isiguse nywele mbichi kamwe: maji yaliyo ndani yanachemka na kutoboa vijishimo kwenye unywele. Ukisikia *shii* na ukaona mvuke, acha.

Kuna tiba inayouzwa kwa jina la keratini ya kunyoosha, na inauzwa hasa kwa wenye kilio cha nywele kutimka. Nilifanya kazi kwenye saluni iliyokuwa ikiitoa. Pasi ikipita, moshi ulikuwa unauma macho mpaka mteja na msusi wote mnalia, na tulifunga madirisha ili vumbi lisiingie. Mwenye saluni alikuwa anasema ni harufu tu ya dawa. Baadaye nilisoma chupa: Methylene Glycol, ambayo ikipashwa moto inatoa formaldehaidi. IARC, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliiweka formaldehaidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu mwaka 2004. Niliondoka pale. Ukiona Formaldehyde, Formalin au Methylene Glycol kwenye chupa, kataa, na mteteeni msusi wenu pia, maana yeye anauvuta moshi huo kila siku.

"Ni mbele na kisogoni tu"

Msuguano. Foronya ya pamba, kofia ya bodaboda, kilemba cha kitenge kikavu, kola ya sare. Badilisha kitambaa, vaa satini, utaona ndani ya mwezi. Lakini kama ukingo wa mbele unarudi nyuma na kuna vipele vidogo kwenye mizizi, ni rasta zinazovuta. Fumua leo, usingoje mwisho wa mwezi. Kipara cha kuvutwa kikikaa muda mrefu hakioti tena.

Pale ambapo si kazi ya msusi

Mtoto mwenye mabaka ya duara, yana magamba na nywele zake fupi fupi zimekatika, ana mapunye. Ni fangasi, na wanaoingia kwenye mzizi wa unywele hawaondoki kwa mafuta ya kupaka. Anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya, na vitana visichangiwe. Mtu mzima ambaye nywele zimekauka ghafla, zinatoka kwa mafungu, na ana uchovu usioisha au kuhisi baridi wakati wote, akapime damu na tezi ya shingo kabla ya kuninunulia mimi chochote.

Ukifika dukani

Kabla ya kusoma viungo, angalia kifuniko. Chupa za vipodozi zinazojazwa upya zipo. Muhuri wa ndani uwe mzima, herufi za lebo zisiwe na ukungu, tarehe ya mwisho isomeke. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo bidhaa ya mashaka ndiko unakoipeleka. Na ule mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye namba 6M au 12M unakuambia miezi ya kutumia baada ya kufungua. Andika tarehe kwa kalamu chini ya chupa siku unapoifungua.

Usinunue seti nzima ya kampuni moja kwa sababu tu chupa zinafanana. Badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili au tatu, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, zikitulia hutajua kilichosaidia, na zikizidi hutajua cha kuacha.

Wanafunzi huwa wananiuliza, dada, hela yangu inatosha chupa moja tu, ninunue ipi? Kondishona. Nzito, yenye Behentrimonium Chloride au Cetrimonium Chloride kwenye mistari ya juu, na chupa kubwa kuliko ya shampuu. Hiyo unaweza kuisuuza nusu na kuacha nyingine kichwani, ikawa ya kuachia. Unaweza kuoshea nayo katikati ya wiki bila shampuu. Chanulia nywele wakati imo, kuanzia kwenye ncha kupanda juu, kwa chanuo la meno mapana. Mafuta utayapata kwenye kibuyu cha jikoni, satini utakata kwenye gauni la zamani, na maji ya mwisho ya kusuuza, kama ni Januari, yako nje yanaanguka kwenye bati.